Ndevu za Élisée

Majengo, Jumapili

Yaya Katungu, wifi yangu,

Huku tuko wazima, Kasoki ameacha kukohoa. Uliniomba nichore sura ya ndugu yako Élisée ya kuweka kwenye matanga, sababu foto zake ziliungua na nyumba tulipokimbia Rutshuru, siku ile alipopotea. Nilijaribu programu za kuchora kwenye telefone. Moja inataka malipo kila mwezi, ingine inamaliza mega za intaneti. Nimebaki na ya bure: inafunguka bila mega, na ukikosea unagusa mushale, kosa linafutika. Hata mimi nisiyejua kuchora niliiweza.

Lakini, yaya, nikimaliza kidevu, kidole kinaendelea chenyewe, kinaweka ndevu. Unajua bwana yangu hakufuga ndevu hata siku moja. Nafuta, naanza upya. Zinarudi, ndefu kuliko za jana. Kasoki anaangalia, anasema, "Mama, papa anasikia baridi."

Jana motari wa Kalengera alituletea maharagwe kwa pikipiki yake. Akaona picha.

"Mama Kasoki, huyu muzee wa ndevu munamujua? Anachoma makaa kule juu ya kwetu. Haongei na mutu."

Nilimuuliza kama pikipiki ina nafasi.

Yaya, nakuheshimu, lakini picha siitumi. Waambie wazee wasimamishe matanga. Kesho motari ananipeleka Kalengera, Kasoki mugongoni. Wembe nimeshaununua.

Bado bibi ya Élisée,
Masika