Mama Mwanarusi wa Munje, Mchoma Chokaa Aliyetuambia Tununue Saruji

Mama, mwaka umetimia tangu utuage, asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Shaabani, hapa nyumbani Munje. Tukiamka bado tunasikiliza kama umekwisha kurudi kutoka kuteka maji.

Baba alipofariki alikuachia watoto wawili na tanuri ya chokaa. Watu walidhani utaiuza. Wewe ulijifunga leso kiunoni, ukatafuta kuni, ukapanga matumbawe, ukachoma mwenyewe. Mikono ilibabuka, jioni ulijipaka mafuta ya nazi huku ukituuliza tuliyosoma chuo cha Kurani. Nyumba nyingi kutoka hapa hadi Msambweni zina weupe wa chokaa yako.

Hukupenda kelele. Ulitukanya kwa sauti ya chini, na mgeni akibisha hodi wakati wa chakula alipakuliwa kabla yetu.

Masika ya mwaka 1955 ukingo wa kisima cha msikiti ulibomoka. Jirani yetu Jumwa alikuwa akiteka maji, akaanguka nao, akavunjika nyonga. Kisima kile kilijengwa kwa chokaa yako. Wazee walipokutana walisema watakijenga upya kwa chokaa hiyo hiyo, wapate kukusaidia wewe mjane. Ulikuwa umeketi nje pamoja na wanawake, ukaomba ruhusa ya kusema.

“Wazee wangu, chokaa yangu ni nzuri kwa kuta za nyumba. Pahali penye maji kila siku haishiki. Sasa saruji inatengenezwa hapo Mombasa. Kanunueni hiyo.”

Mzee Rai, mkubwa wa kamati ya msikiti, akakuuliza, “Na wewe, mwanangu, utakula nini?”

“Sijui, baba. Lakini sitaki mtu mwingine aanguke.”

Mjomba Chirau, ndugu yako, alikasirika. Alikuja nyumbani akakuambia umejifungia riziki kwa ulimi wako mwenyewe. Ulimpa chai, ukamwacha aseme mpaka amalize. Naye hakukosea sana, maana baada ya kisima kujengwa kwa saruji kila mwenye kujenga aliitaka hiyo, na mwaka ule tulikula mihogo asubuhi na jioni. Tulikuona umesimama mbele ya tanuri iliyozimika, tukaogopa kukusemesha. Hata hivyo hukukosa kumpelekea Jumwa maji, mpaka alipoweza kusimama kwa mkongojo.

Ndipo Mzee Rai akaja barazani kwetu. “Hatuwezi kila mtu kwenda Mombasa kutafuta mfuko wake,” alisema. “Tuletee wewe. Tukikuuliza kitu, tunajua utatuambia kweli.”

Ulianza na mifuko michache iliyoletwa kwa lori. Uliipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, isishike unyevu. Mfuko ulioanza kuganda hukuuza, hata mnunuzi akikusihi. Mafundi wakawa wanatoka mpaka Diani kuja kwako, na mjomba Chirau ndiye aliyekuwa akipakua lori, akikusifu kwa kila anayepita. Tulisoma, tukavaa, tukaoa na kuolewa kwa saruji ile.

Homa ilipokulemea ulimwita binti yako Mishi ukamwambia, “Kaburi langu msilijengee. Mifuko iliyobaki ghalani, msakafieni Jumwa nyumba yake asije akateleza.”

Tumefanya hivyo, mama. Sakafu ilipokauka, Jumwa aliingia polepole, akauweka mkongojo mlangoni, akafika katikati ya chumba bila kushika ukuta. Akasimama pale, akainua mikono, akakuombea dua ndefu. Sote tuliokuwa mlangoni tukaitikia amina.

Unakumbukwa na mwanao Waziri na mkewe Mwanapili, binti yako Mishi na mumewe Suleiman, ndugu yako Chirau, wajukuu zako, jirani yako Jumwa, na jamaa wote wa Munje na Msambweni. Mwenyezi Mungu akurehemu. Maadamu tuko hai, mama, hatutakusahau.