Fainali Yangu na Mtani Osmundi

Jumatatu, 11 Agosti
Uwanja umekunywa madumu kumi na mawili leo na bado unataka. Udongo wa kichuguu ukikauka unapasuka, mpira wa tenisi unaruka ovyo. Nimemwagilia, nimekokota pipa la zege kuusawazisha mpaka mgongo ukalia. Kesho kutwa chokaa ya mistari. Mke wangu anasema ningeuoa uwanja huu tukajua moja. Hakuna anayenituma. Jumamosi ni fainali na mimi nimo.

Mimi na Osmundi tena. Mara ya tano. Nne zote kanipiga yeye. Mimi nilijifunza kwa kuokota mipira ya mapadri, yeye huko kwenye mashamba ya miwa baba yake alikokuwa mkata miwa. Nina miaka hamsini na mbili na goti la kulia limeanza kusema. Kama si mwaka huu, basi tena. Nasali novena, sala ya siku tisa, kwa ajili ya fainali hii. Naona aibu kuiandika, lakini ndivyo. Wenzangu wanasali kwa ajili ya watoto na mvua.

Jumanne, 12 Agosti
Osmundi kapita kibandani kwangu hapa Viwanja Sitini, nikiwa na gurudumu la baiskeli ya mteja mapajani. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, watani tangu enzi za mababu. Baina yetu adabu ni mwiko. Siku zote anaingia na "Mateka wangu, hujafa tu?" Leo kakaa kwenye benchi kimya. Kaomba maji.

Halafu kasema: "Mtani, Jumamosi sichezi. Kifua kinanibana. Nikitoka nyumbani Kivukoni kwa baiskeli nasimama mara tatu njiani. Chukua tu hilo kombe."

Nilicheka mpaka spana ikanidondoka. Mwaka juzi alikuja na mkono kaufunga bendeji, eti umevunjika. Siku ya fainali akaifungua mbele ya umati na kunichapa seti mbili. Nikamwambia, "Wangoni siku hizi mnakimbia vita? Babu zako wangekuona wangekuzika mzima mzima." Wateja wakaangua kicheko. Yeye kaangalia chini, katabasamu kidogo. "Basi nitakuja," kasema.

Kaondoka anasukuma baiskeli, hajaipanda. Nikasema moyoni, huyu jamaa anaigiza vizuri mwaka huu.

Alhamisi, 14 Agosti
Goti limevimba. Nimelichua na maji ya chumvi. Mjini wanasema Osmundi kaogopa. Niliyewaambia ni mimi.

Ijumaa, 15 Agosti
Misa ya Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa limejaa mpaka nje. Osmundi alikaa Misa nzima. Hata Injili hakusimama. Mkewe Dafrosa alikuwa akimpepea na kanga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza anatunza miguu kwa ajili ya kesho. Sikusali. Nilikuwa napanga nitapokeaje servu zake, ile mipira ya kuanzishia.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeshinda. Sita-bila, sita-bila.

Servu yake ya kwanza haikufika hata kwenye neti. Ya pili hivyo hivyo. Watu wakapiga kelele, "Osmundi, fungua bendeji!" Walikuwa wanangoja mbinu yake. Hata mimi. Nilipofika nne-bila niliogopa kuliko mwanzo, nikazidi kupiga kwa nguvu, kushoto, kulia, naye akiitazama mipira ikipita kama mtu anayetazama mabasi. Hilo ndilo linaloniuma. Jinsi alivyokuwa akidhoofika ndivyo nilivyozidi kumpiga.

Seti ya pili shati lililowa mpaka kiunoni. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mwamuzi akamuuliza kama anaendelea. Akajibu, "Muulize mtani wangu. Mimi sijapewa ruhusa." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia.

Pointi ya mwisho nilimdondoshea mpira mfupi karibu na neti. Hakuwa na haja ya kuufuata. Kaufuata. Hatua tatu, kisha magoti chini, mkono kifuani. Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Dafrosa ndiye aliyeingia uwanjani wa kwanza, ndala moja mguuni. "Nyie watu, mnamcheka nini? Mume wangu anakufa!"

Tulimbeba kwenye bajaji. Mzito. Nilishika miguu.

Jumapili, 17 Agosti
Ugonjwa wa moyo, daktari kasema. Sio wa leo. Watampeleka Dar.

Nilimkuta Dafrosa kwenye mlango wa wodi. Nikamsalimia, kaitikia. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kasema polepole: "Baba Tekla, kwangu alificha wiki tatu. Jumanne ile alitoka nyumbani akisema, nakwenda kumwambia mtani wangu, yeye ndiye atakayenielewa."

Angemwambia mtu mwingine yeyote, angeaminiwa.

Hajaniruhusu kuingia. Osmundi amelala, kasema. Nimemwachia machungwa.

Jumanne, 19 Agosti
Osmundi kaondoka na gari la wagonjwa alfajiri. Sikuwahi kwenda kumwona.

Jioni nimekwenda kuungama. Padri kauliza, "Ulijua kuwa anaumwa?" Nikasema hapana. Akauliza, "Ulitaka kujua?" Nikahesabu matundu ya wavu ulio kati yetu mpaka aliyengoja nyuma yangu akakohoa.

Katibu wa klabu kaleta kombe. Nimemwambia arudi nalo. Nilichokiomba nimepewa chote, hata pointi moja haikupungua. Sijui niombe nini tena. Naomba tu apone.

Alhamisi, 21 Agosti
Hakuna habari. Nimeharibu breki za baiskeli ya mwalimu, nikazirudia mara mbili. Uwanja umeanza kupasuka. Sijaenda.

Jumamosi, 23 Agosti
Ujumbe wa Osmundi umeingia mchana, kwa simu ya Dafrosa. Nimeunakili hapa kama ulivyo.

"Ndugu yangu, nashukuru kwa machungwa. Naendelea kidogo kidogo, wanasema wataniangalia tena wiki ijayo. Sina kinyongo na wewe. Msalimie mama watoto. Mungu akubariki."

Mke wangu kafurahi. Kasema, unaona, kakusamehe. Nikatikisa kichwa kukubali.

Ndugu yangu. Miaka yote hii hajawahi kuniita hivyo. Hakuna hata tusi moja humo ndani. Nimeusoma na kuusoma tena, natafuta hata kejeli ndogo. Ni maneno mazuri ya kanisani, ya mtu anayeaga vizuri. Yamenitisha kuliko siku ile uwanjani.

Nimekaa mlangoni na simu. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nimetuma hivi:

"Umeamkaje? Unakula? Siku ile ulinieleza ukweli nami nikakucheka. Nisamehe kwa hilo tu. Baraka zako sizitaki, Mngoni wewe, nitukane kama kawaida. Nijibu mapema."