Nani Avute Ndani ya Mgahawa Wangu

Masuguru, Jumanne

Nimesema, wala sauti haikutetemeka.

Mtendaji wa mtaa alituita wenye migahawa, akatutangazia kuwa ni marufuku wateja kuvuta sigara ndani. Nikasimama.

"Mimi sivuti, na moshi unanikera. Lakini mgahawa ule nimeujenga kwa kuuza maandazi. Nani avute humo, niachieni niamue mwenyewe."

"Mama Rehema, sheria haiulizi nani kajenga."

"Ingeuliza kwanza."

Wanaweza kunifungia. Hilo linanitia hofu, sitajidanganya.

Jioni mzee Mhina, mteja wangu wa siku zote, alikuja kunipongeza, akawasha sigara mezani. Nikamwomba akavutie nje.

"Si umetutetea leo?"

"Nimetetea mgahawa wangu, mzee. Na mwenyewe nimeamua."

Akacheka, akabeba kiti chake, akatoka.