Haidrenjia za Mama Zimebadilika Rangi

Kasulu, Jumapili

Zimechanua, lakini si za buluu. Mwaka huu haidrenjia za Mama, maua yake ya uani, zimetoa mashada makubwa ya rangi ya waridi. Najua ni majivu. Mchwa walikuwa wanatafuna mashina, mume wangu akawa anamwaga majivu ya jikoni pale chini. Mchwa wamekwisha, ila udongo umebadilika na maua nayo.

Leo baada ya ibada nilimshika Mama mkono nikampeleka uani ayaone. Tangu kumbukumbu ianze kumpotea, maua yale ndiyo yaliyokuwa yakimwambia yuko wapi. Akiyaona alitulia, akaniita kwa jina langu.

Aliyatazama sana. "Haya ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Uliyapanda mwenyewe."

"Yangu ni ya buluu." Akauchomoa mkono wake. "Dada, nirudishe nyumbani. Binti yangu atanitafuta."

Nikamwambia binti yako ndiye mimi. Akatabasamu kwa adabu tu, kama mtu aliye ugenini.

Mume wangu anasema tuache majivu, mvua zitaosha udongo, buluu itarudi mwakani. Huenda. Lakini Mama mwakani...

Mama alipoanza kulia nilimwambia, "Haya, nakusindikiza." Tukatokea barabarani, tukazunguka nyumba ya jirani, tukaingia kwetu kwa mlango wa mbele. Akakaa kwenye kiti chake, akashusha pumzi.

"Asante, dada. Sasa wahi kwenu, mvua isikukute njiani."

Nikaaga. Nikatoka, nikasimama nje.