Santuri ya Pili ya Ambakisye

Soweto, Mbeya,
Jumapili baada ya chakula cha mchana

Mpwa wangu Ambakisye,

Anayekuandikia ni mjomba wako Lwitiko, mtu ambaye bila yeye lami ya kutoka Tunduma mpaka Iringa isingekuwepo. Wahandisi walikuja na ramani zao, wakakwama, mimi nikawaonyesha kwa kidole wapi mlima unapitika. Huko uliko wapo wazee wanaonifahamu, waulize. Hali yako sikuulizi, maana kumuuliza marehemu hali si adabu. Yangu ni nzuri, na leo ni nzuri kuliko siku zote tangu tukuzike, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Watu husema darasa la nne liliniacha. Uongo. Mimi ndiye niliyeliacha.

Nianze na la muhimu usije ukasoma yote kwa wasiwasi: mama yako anakula. Juzi alimaliza sahani nzima halafu akaniambia mchuzi wangu una chumvi ya kulambisha ng'ombe. Ambakisye, sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Na mlango wake anaufunga. Hilo la mlango hulijui, tulia nikueleze.

Santuri yako ya kwanza unaikumbuka, ile ya "Gauni la Iringa." Ilikuja Mbeya sanduku moja, na sanduku lenyewe likakaa. Bwana Sharifu muuza kanga na santuri aliipanga dirishani kwake mpaka jua likaikunja kama chapati. Ulipokuja kutusalimu uliichukua, ukaigeuza, ukasema, "Mjomba, hii hata ukiifanya sahani wali haukai." Mimi nikakwambia subiri, ya pili itauzwa mpaka Wachina wa reli wataiimba. Ukasema, "Sawa, Mjomba," kwa ile sauti yako ya kunifunika blanketi.

Ya pili hukuiona. Ulitoka Nairobi umesharekodi, ukarudi Iringa kwenye bendi yako, ukaimba, ukatoka ukumbini na jasho mwilini kwenye baridi ile bila koti. Nilishakuambia juu ya koti. Sikulaumu. Nasema tu nilishakuambia.

Tulipopata habari kwamba umelazwa Iringa kwa homa na kikohozi, tuliondoka na mama yako kwa lori letu, na mimi kama utingo mkuu nilikaa juu ya mizigo ili yeye akae mbele na dereva. Tukapata pancha Igawa. Tukaziba. Tukapata nyingine kabla ya Makambako. Mpwa wangu, mikono hii imefungua magurudumu mengi, lakini siku hiyo nati zilikuwa kama zimeota mizizi. Tulipofika, shuka lilikuwa limeshakufunika uso. Na yule mwenzako mpiga gitaa, kwa wema wake tu, akamsogelea mama yako akamwambia kwamba ndani ya homa ulikuwa unarudia maneno yale yale: "Mama, nifungulie." Alidhani anamfariji. Dada yangu hakulia. Alisema neno moja tu wodini, "Amebisha, sikumfungulia."

Tukakurudisha Iyunga kwa mama yako, tukakuzika vizuri. Watu walikuja, bendi yako yote ilikuja, redio za jirani zote zilifunikwa kanga mpaka matanga yakaisha. Halafu wiki ileile mama yako aliporudi sokoni kuuza ndizi zake, santuri yako ya pili, "Hodi Iyunga," ikafika dukani kwa Bwana Sharifu.

Wewe ndiye uliyeitunga, unajua inavyoanza. Gitaa halijaingia, ngoma haijaingia. Sauti yako peke yake: "Hodi mama, nifungulie, baridi ya Iringa imenifuata."

Mimi sikuwepo, nilihadithiwa na wauza nyanya. Wanasema mama yako aliweka kisu chini akaitikia, "Nakuja, baba." Akanyanyuka. Akapita katikati ya mafungu ya nyanya za watu, nyanya zikabiringika, na hakuna aliyemgombeza. Akaenda mpaka mlangoni kwa Bwana Sharifu akachungulia ndani. Bwana Sharifu alipomtambua akanyanyua sindano haraka, naye mama yako akabaki anakitazama kile chombo kinavyozunguka kimya kimya. Ndizi alizisahau sokoni.

Tangu siku ile akaacha kufunga mlango. Mchana wazi, usiku wazi. Iyunga, mwezi wa sita, na unajua umande wa kwetu unavyoingia mpaka ndani ya chungu. Nikimfungia, nikiondoka anafungua. Nikamwuliza, akaniambia, "Asije akabisha mara ya pili." Akawa anakaa kwenye kigoda anautazama uwazi, anakohoa. Kikohozi kile, Ambakisye, nilikijua. Nilikuwa nimekizika juzi tu. Nikasema huyu naye ataondoka kwa homa ileile, na mimi nitabaki na nani wa kunisema.

Ndipo nilipoamua kuizima santuri yako. Nisamehe. Nilivaa shati langu la kaki, nikachukua jalada la hati za mizigo ya lori, nikapita baa moja baada ya nyingine, Soweto, Mwanjelwa, Iyunga, na kila duka lenye gramafoni. Nilikusudia kusema ukweli: dada yangu anaumia, tafadhali akipita msiipige. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mwenye baa ya kwanza alinitazama shati, akatazama jalada, akasimama wima akaniita Mheshimiwa. Sasa mtu akikuita Mheshimiwa utaanzaje kumwambia habari za machozi? Nikasikia mdomo wangu unasema, "Wimbo huu usipigwe ovyo. Ni amri kutoka juu."

Kosa hilo nalikiri. Hapa kwetu watu wameshazoea. Wakisikia sukari haitapatikana, wanapanga foleni. Wakisikia sabuni imezuiwa, wanapanga foleni. Nilichofanya mimi ni kuwaambia kuna kitu hakitapatikana. Kabla ya Jumatatu kuisha foleni ilitoka dukani kwa Bwana Sharifu ikazunguka kona. Bibi mmoja wa Kisafwa alipanga akidhani ni sukari. Alipofika mbele aliona aibu kurudi mikono mitupu, akanunua santuri. Gramafoni hana. Ameitundika ukutani karibu na picha ya ubatizo.

Na maana wakaitafutia. Mwalimu mmoja wa Iringa akasema mlango ule ni mpaka wa nchi. Madereva pale Igawa wakasema hapana, ni habari za magendo, anayebisha ni gunia. Wakabishana mpaka wakanunua kila mtu yake ili akaisikilize vizuri nyumbani. Bwana Sharifu akaagiza tena, wenzako wa bendi wakaleta salamu kwamba Nairobi wanaichapa upya, na masanduku yakawa yanateremka kutoka Iringa juu ya lori. Lori gani? Letu. Mpakiaji nani? Mimi. Asubuhi nabeba masanduku yako begani, jioni nakwenda kukataza yasipigwe. Bwana Sharifu, anayenijua tangu tuko vijana, alinivuta pembeni akaniambia, "Lwitiko, huko juu wakikupa amri nyingine, mimi uniletee wa kwanza."

Wachina wa reli wameiimba, kwa taarifa yako. Nimewasikia kwa masikio yangu, kambi nzima, sauti nne, mmoja analia. Basi, watatu waliiimba. Lakini waliiimba.

Huo ndio ushindi wako, mpwa wangu. Ukumbi wowote ukiingia, Hodi Iyunga. Harusi, Hodi Iyunga. Watoto wa shule wakitumwa chumvi wanabisha kwa wimbo wako. Nilikuwa natembea najivuna na huku moyo umefungwa kamba, maana kila mlango ulikuwa unamwita dada yangu. Amri yangu iliheshimiwa kwa namna moja tu: waliokuwa wanamfahamu, wakimwona anakuja, walirukia sindano. Kwa hiyo anapita, anasikia "Hodi mama, nifungulie," halafu krr, kimya. Anapita kwingine, "Hodi mama," krr. Kila siku. Hata sokoni akaacha kwenda tena.

Sasa juma lililopita, Jumamosi saa tisa mchana. Jirani yake Mama Tumaini na mumewe, mwenye kazi relini, walikuwa wamenunua gramafoni mpya, bado ina harufu ya dukani. Mimi nilikuwa uani kwa dada na nyundo, nafunga bawaba, nikijidanganya kwamba mlango mzuri utamshawishi aufunge. Mara sauti yako ikapita juu ya ua wa migomba. "Hodi mama."

Nilitupa nyundo. Nilikimbia nikaingia kwa Mama Tumaini bila hodi, mtu mzima na heshima zangu, nikaufikia mkono wa gramafoni. Nikasikia nyuma yangu,

"Lwitiko, toa mkono."

Alikuwa amesimama mlangoni na kanga moja begani, anahema.

Nikasema, "Dada, jirani alikuwa hajui."

"Nimesema toa mkono. Kila siku mnamkatisha mwanangu. Hata mgeni asiyejulikana huachwa amalize kusema kilichomleta."

Mama Tumaini akamsogezea kigoda. Akakaa. Akaniambia, "Rudisha mwanzo." Nikarudisha. Sindano ikakwaruza, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwaga maziwa.

Ikapigwa yote. Ubeti wa kubisha. Ubeti wa njia ndefu, wa lori na ukungu. Na ule wa mwisho ambao hakuna aliyewahi kumwacha dada aufikie, ambapo mama anakuja na majivu ya jikoni mikononi, anafungua, anampa mwanawe uji wa ulezi, naye mwanawe anamwambia: "Funga mlango, mama, nimeshaingia."

Ambakisye, ulikuwa umeuweka pale muda wote. Mwanamke yule alibishiwa hodi miezi mitatu, na dawa yake ilikuwa mwisho wa wimbo uleule, na mtu aliyekuwa akiizuia isimfikie ni mimi na shati langu la kaki.

Alitoka kwa jirani akiwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akanipita. Alipofika katikati ya ua akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Kumbe aliingia."

Halafu akaenda kwake akafunga mlango. Nilisikia komeo. Nimesikia muziki mwingi maishani, nimecheza na bendi za Kongo, waliniomba nihamie kwao nikakataa, lakini mlio wa komeo lile hakuna bendi yenye kuutoa. Niliketi chini pale pale kwenye maganda ya migomba, nikapumua. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopumua mpaka chini.

Sasa amerudi sokoni. Ikipigwa anatikisa kichwa huku anamenya, na wakithubutu kunyanyua sindano anawagombeza. Anawaambia wanunuzi kwamba uji wa kwenye wimbo ni wake, na kwamba hukuweka maziwa kwenye wimbo ingawa yeye aliyaweka. Kikohozi kimekwisha. Santuri anayo moja, ameifunga kwenye kitenge kipya, ndani ya sanduku lake la nguo. Jana aliibeba kwa Mama Tumaini wakaisikiliza tena, na mimi nilikwenda naye.

Basi mpwa wangu, nikuache upumzike. Umeingia, mlango umefungwa, usiwe na baridi tena. Nakuahidi haya: kuni za mama yako nitapasua mimi, shati la kaki nimeligawa, na amri kutoka juu sitatoa nyingine mpaka nami nije huko juu wanipe ya kweli. Na nikija, usijifanye hunijui mbele ya watu.

Limebaki moja, nalo usiwaambie hao wazee. Ule ubeti wa mwisho niliokuandikia hapo juu nimehadithiwa na dada. Wote wanaamini naujua wimbo wako tangu kabla hujaurekodi, nimewaambia nilikusaidia kuutunga, lakini sijawahi kuvuka ubeti wa kwanza. Hata siku ile, nilipoirudisha sindano mwanzo tu, niliwaambia nakwenda kutazama mbwa anabwekea nini, nikasimama nyuma ya choo cha Mama Tumaini na vidole masikioni mpaka nilipoona dada anatoka. Jana Jumamosi pia. Mama Tumaini hana mbwa.

Ni mimi mjomba wako,
Lwitiko