Michoro ya Baba Neema

Jumanne

Eti leo wanamhitaji! Wenye kiwanda wapya, wale wale waliompunguza kazi mume wangu, wamemtuma meneja hapa nyumbani. Mitambo imezimika siku ya tatu sasa.

"Shikamoo, mama. Injinia nimemkuta?"

"Marahaba. Tulimzika mwezi uliopita, kwao Mgeta."

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza kama marehemu aliacha michoro ya umeme. Nilitaka kumfukuza. Lakini Baba Neema angekwenda mwenyewe, chai akaiacha mezani, kwa ajili ya wenzake waliobaki. Nikampa yote.

Jioni king'ora cha kiwanda kimelia. Zamani kikilia, baada ya nusu saa alikuwa mlangoni, anawaita watoto. Sasa watoto wana miji yao, mbali.

Nusu saa nzima nimeutazama mlango.