Bunduki Kwenye Mizani ya Nyama

Mama Deqa, salaam aleikum.

Leo pika wali wa watu ~~kumi~~ thelathini. Asubuhi nilipeleka zile bunduki mbili za kukoki kwa mkono kwa Mahamud wa buchari, azipime kwa mizani ya nyama, nichague iliyo nyepesi ya kuwindia swala. Si wewe ulisema nzito itanivunja mgongo? Basi soko lote likajaa. Kila mtu akainua, akatoa maoni yake, na mdomo wangu unaujua: nikawaalika wote waje kula swala jioni.

Nimeenda na nyepesi. Sijawahi kupiga nayo hata kopo.

Ukiniona narudi mikono mitupu, chinjisha beberu wetu kimyakimya, katakata vipande vidogo, na kichwa ukifiche.

Ni mimi,
Baba Deqa